Bidada Aliposti Taa za Ngazi Zake, Baba Yake Akauliza Swali Moja Tu

Jina lake linahifadhiwa, ila kama wewe ni mtu wa Instagram basi umeshapita kwenye ukurasa wake. Ni yule bidada wa mapambo ya nyumba: mito, mapazia, mazulia, sauti ya upole, kila video inaanza na "karibuni nyumbani." Mwaka jana akahamia kwenye mjengo wake mwenyewe huko Goba, ghorofa moja, ukuta mweupe, geti jeusi. Hajahongwa, hajarithi. Kajenga kwa oda za mapazia na hela za matangazo. Watu walimpongeza kweli kweli, na alistahili.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera: ngazi.

Wakati wa kujenga iliwekwa taa moja juu ya ngazi na swichi moja chini. Sasa hapo una mambo mawili. Uwashe taa chini, upande kulala, iwake mpaka asubuhi inakula LUKU bure. Au uizime halafu upande gizani unapapasa ukuta kama mwizi. Na kwenye kamera ndiyo kabisa, ngazi zilionekana kama za ghala la mchele.

Akapata wazo. Taa sita za kuning'inia, za kioo, globu za rangi ya asali, kila moja ishuke chini kidogo kuliko mwenzake zikifuata mteremko wa ngazi. Swichi iwe chini na nyingine juu, uwashe huku uzime kule. Mafundi wanaziita tuwei. Na ile ya chini iwe dima, ile unazungusha kupunguza mwanga, maana video za usiku zinataka mwanga wa kubembeleza.

Wakaja mafundi wawili kwa siku tofauti.

Wa kwanza mtu mzima, mpole, mgumu kwenye bei. Akajaribu kusukuma waya kwenye paipu ya zamani, ukagoma, saruji ilikuwa imeingia ndani. Akasema hapa ukuta uchimbwe, paipu mpya ipite kutoka swichi ya chini hadi ya juu, siku mbili, halafu rangi irudiwe. Akataja laki nne na nusu. Bidada akaangalia ukuta wake mweupe, akaangalia simu, akasema atamrudia.

Wa pili kijana, alipatikana hukohuko Instagram, ana ukurasa wake, picha kali kali za taa zilizofichwa kwenye jipsam. Akasema, "Dada, hakuna kuchimba. Jioni moja tu." Laki moja na themanini.

Wewe ungechagua nani?

Basi bwana, kijana akaja saa tisa mchana, saa moja usiku taa zinawaka. Bidada akarekodi palepale. Akapanda ngazi taratibu na gauni la kulalia la hariri, mwanga unapanda naye, akafika juu, akabonyeza swichi, giza. Akashuka kwa tochi ya simu anacheka. Kwenye maelezo akaandika: "Fundi wangu kamaliza jioni moja, hata tundu moja hakutoboa ukutani!"

Laiki zilimiminika. Komenti kama mvua. "Nataka namba ya fundi." "Hizo taa unauza?" Mmoja akauliza mbona mwanga unacheza cheza kama disko la harusi, akajibiwa na wafuasi wenzake kwamba simu yake ndiyo mbovu.

Saa nne usiku ikaingia simu kutoka Morogoro. Baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeona ngazi zako. Zimependeza. Ila niambie kitu kimoja. Swichi moja ipo chini, nyingine juu, ukuta haukuchimbwa. Waya wa katikati umepita wapi?"

Akamjibu kwamba fundi anajua mambo yake, baba apumzike, siku hizi kuna teknolojia. Mzee akasema sawa, akamtakia usiku mwema. Hakupiga tena.

Hapa lazima ujue kitu kuhusu huyu mzee. Amefunga umeme miaka 32. Nyumba nyingi za mtaa wao zinawaka kwa mkono wake. Amesomesha watoto wanne kwa bisibisi, testa na ngazi ya mbao aliyokuwa anaifunga kwenye baiskeli. Sasa mwanaye anajenga nyumba, kwa nini hakuitwa?

Bidada alikuwa anawaambia watu kwamba hataki kumchosha mzee. Kiukweli ilikuwa nyingine. Alipokuwa kidato cha pili, shule ilimwita baba yake kurekebisha taa za bwenini. Akaja na ovaroli lenye viraka na ile ngazi yake. Wasichana wakacheka. Mmoja akauliza, "Huyu mzee ni wa wapi?" Na yeye akasema hamjui. Mzee alikuwa juu ya ngazi, mita mbili kutoka pale. Alisikia au hakusikia, hakuwahi kusema. Ila tangu siku ile, kila alipofikiria baba yake na ovaroli lake wakiingia kwenye nyumba yenye kamera, kifua kilikuwa kinambana.

Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi alikuwa na kazi ya tangazo, mwanga wa usiku, ngazi zionekane. Akizungusha dima kushusha mwanga, globu ya juu kabisa inapepesa kama jicho lenye vumbi. Akamwambia dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Singida, ambadilishie globu ile aweke mpya.

Binti si mjinga. Alishuka akabonyeza swichi, taa zote zikazima. Akachukua kigoda, akakiweka kwenye kibaraza cha juu ya ngazi, akajinyoosha, akaanza kuizungusha globu. Zile globu ni za kufunga kwa kukaza kama kifuniko cha chupa, zina shingo ya bati. Kidole kikagusa bati.

Alipiga yowe moja. Kigoda kikaenda huku, yeye akaenda kule. Ngazi nne zilimpokea kabla hajashika mkingo. Mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiganja. Mungu alisaidia kichwa hakikugonga marumaru.

Usiku ule hospitalini, wakati binti anafungwa plasta ngumu, bidada alikaa kwenye benchi na gauni la tangazo, vipodozi vimechuruzika, anarudia sentensi moja: "Lakini alizima swichi. Nilimwona. Alizima." Saa saba usiku akapiga simu Morogoro.

"Baba, swichi ilikuwa imezimwa."

"Najua," mzee akasema. "Mtu yeyote asiguse ile taa. Nakuja."

Saa nne asubuhi mzee yupo getini na begi lake la turubai. Ovaroli lile lile, au ndugu yake. Hakusalimia nyumba, alikwenda hospitali kwanza kumpa binti pole, ndipo akaja kwenye ngazi.

Akafanya kitu ambacho bidada anasema hatakisahau. Akaipima testa yake kwanza kwenye soketi inayofanya kazi, ahakikishe testa yenyewe ni nzima. Kisha akazima swichi ya ngazi, taa zikawa giza. Akagusa upande mmoja wa holda, testa ikawaka. Akagusa upande wa pili, testa ikawaka tena. Pande zote mbili zina moto, taa haiwaki.

Akashuka kwenye meini swichi akazima breka ya taa za chini. Akapanda, akagusa. Testa bado inawaka. Bidada akakaa chini kwenye ngazi.

"Ni kwa sababu moto mwingine unatoka kwenye breka ya juu," mzee akasema. Akazima na hiyo. Ndipo testa ikanyamaza, akafungua swichi zote mbili.

Alichokikuta ndicho jibu la swali lake. Waya wa katikati haukupita popote. Haukuwepo.

Yule kijana, ili asichimbe ukuta, alifanya ujanja. Chini alichukua waya wa moto na nyutro vilivyokuwa jirani, akavifunga kwenye swichi moja, moto upande huu, nyutro upande ule. Juu akafanya vilevile kwa umeme wa juu. Halafu kutoka kila swichi akapeleka waya mmoja kwenye taa. Swichi moja ikitoa moto na nyingine ikitoa nyutro, taa inawaka. Zote zikitoa nyutro, taa inazima. Na zote zikitoa moto, taa inazima pia, maana umeme hauna pa kwenda.

Hauna pa kwenda mpaka atokee mtu aguse bati.

Kwa macho, kuzima kule na kuzima huku ni giza lile lile. Binti wa Singida alibahatika kupanda kwenye giza baya.

Mzee akachukua boksi tupu la mapazia, akachora nyuma yake kwa kalamu ya wino. Swichi ya tuwei ina skrubu tatu. Moja imeandikwa COM, mbili zimeandikwa L1 na L2. Waya wa moto unaingia COM ya swichi ya kwanza. Kutoka hapo kuna nyaya mbili, L1 kwenda L1 ya mwenzake, L2 kwenda L2 ya mwenzake. Hizo ndizo nyaya za katikati. Kutoka COM ya swichi ya pili, waya mmoja unakwenda kwenye taa. Nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, haiingii kwenye swichi kama hizi hata siku moja.

"Swichi zote zikichagua njia moja, moto unafika," akasema. "Zikitofautiana, haufiki. Ndiyo maana swichi hizi hazina juu ya kuwasha na chini ya kuzima. Inategemea mwenzake yupo wapi."

Ukitaka swichi ya tatu, labda ghorofa ya pili, katikati ya hizo mbili inaingia nyingine yenye skrubu nne, wanaiita intamidieti. Na taa zikiwa sita au kumi, zinafungwa sambamba: kila moja inapata moto wake na nyutro yake, volti 230 kamili, ikifa moja nyingine zinaendelea kuwaka.

Vipi kuhusu ule mwanga wa disko? Hapo kijana alikosea kosa dogo zaidi, lakini ndilo lililomtuma binti kupanda. Dima haipunguzi umeme kama bomba la maji linavyofungwa. Inaukata ukata vipande, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu. Globu ya zamani ya waya mwekundu haijali, inabaki na joto lake. LED ina vifaa vya elektroniki ndani, nyingine haziwezi kuvumilia kukatwa huko, zinapepesa. Pia dima aliyoweka ilikuwa ya globu za zamani, imeandikwa inataka mzigo kuanzia wati 40. Taa sita za wati 4 ni wati 24 tu. Kubadilisha globu kusingesaidia hata angezibadilisha zote.

Kuna kingine kilichouma. Kwenye bajeti ya kwanza ya nyumba kulikuwa na kile kifaa cha meini swichi kinachokata umeme ukianza kuvuja kupitia mwili wa mtu. Kiliondolewa kwenye orodha. Hela yake ikaongezewa kwenye marumaru za sebuleni.

Mchana yule kijana akaitwa. Wengi wangezima simu. Yeye alikuja, na alipoambiwa kuhusu mkono wa binti akashindwa kukaa. Akasema ule mchoro aliuona mtandaoni, akadhani amegundua njia ya mkato. Mzee akamwambia njia hiyo ni kongwe kuliko wote waliopo pale, na Marekani kanuni za umeme ziliipiga marufuku tangu miaka ya 1920, kwa sababu hii hii.

Halafu akamfundisha jambo ambalo kila fundi wa YouTube anapaswa kulijua. Wamarekani swichi hii wanaiita ya njia tatu, wanahesabu skrubu. Sisi tunaiita tuwei, ni kitu kile kile. Ila kwao waya mweusi ndio wenye moto. Kwetu, kwenye nyumba zenye rangi za zamani, nyekundu ndiyo moto na nyeusi ndiyo nyutro. Rangi mpya ni kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Ukiiga rangi za video ya kule, unaweza kuua mtu huku ukiamini umefuata maelekezo.

Kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, naweza kurudia kazi yangu?"

"Utairudia. Mimi nikikuangalia."

Wakachimba ukuta siku mbili. Vumbi likaingia mpaka kwenye mazulia ya matangazo. Paipu mpya ikapita, nyaya mbili za katikati zikapita, dima ya LED ikafungwa chini na swichi ya kawaida ya tuwei ikafungwa juu, kile kifaa cha kukata umeme kikawekwa kwenye meini swichi. Hela iliyotoka ilizidi ile laki nne na nusu, bila kuhesabu hospitali na tangazo lililopotea. Binti wa Singida analipwa mshahara wake wote mpaka apone, na matibabu yote ni juu ya nyumba.

Jioni ya mwisho, mzee ananawa mikono nje kwenye bomba, bidada akaenda kumshikia taulo.

"Baba, siku ile bwenini..."

"Siku gani?"

"Nilisema sikujui."

Mzee akajifuta kidole kimoja kimoja. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Lakini siku ile nilipokupigia kuhusu waya hukuwa mtoto. Hiyo ndiyo iliniuma."

Hakusema zaidi. Wakaingia ndani kula.

Wiki iliyofuata bidada akaposti video ambayo wafuasi wake hawakuizoea. Haina muziki, haina gauni la hariri. Baba yake yupo chini ya ngazi na ovaroli, yeye yupo juu. Mzee anasema "washa," bidada anawasha. Mzee anazima kwa chini. Bidada anawasha tena kwa juu. Wanaendelea hivyo kama watoto, mpaka mzee anacheka. Kwenye maelezo aliandika nani alivunjika mkono na kwa nini, hakuficha kwamba alionywa, kisha akaweka aliyofundishwa:

1. Kama fundi anaongeza swichi ya pili bila kupitisha waya kati ya swichi na swichi, muulize swali: waya umepita wapi?

2. Kuzima swichi siyo kuzima umeme. Kabla ya kugusa taa zima breka, halafu fundi apime kwa testa ambayo ameijaribu kwanza. Ukizima breka moja na testa bado inawaka, usiguse kitu.

3. Kwenye jozi ya tuwei weka dima moja tu, na iwe imeandikwa inafaa kwa tuwei. Upande wa pili weka swichi ya kawaida.

4. Globu za LED za kutumia na dima zina neno "dimmable" kwenye boksi. Jumlisha wati za taa zako zote uangalie kama dima inazikubali, kima cha chini na cha juu.

5. Muulize fundi leseni yake ya EWURA. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa.

6. Kifaa cha kukata umeme unaovuja kinunuliwe kabla ya marumaru.

Laiki hazikufika nusu ya zile za video ya kwanza. Komenti zilikuwa chache, ndefu, watu wanasimulia nyumba zao. Kuna mmoja aliandika kwamba ngazi zilikuwa nzuri zaidi mwanzo, sasa ukutani kuna mchirizi wa plasta ambao haujapigwa rangi, unatoka swichi ya chini unapanda mpaka juu, unaharibu picha.

Bidada alimjibu mwenyewe: "Hapo ndipo waya umepita."

Mpaka leo hajaupaka rangi.

Na kwako je, swichi ya pili ilifungwa na nani, na waya ulipita wapi? Funguka hapo chini kwenye komenti.